Maneno Yangu, Sauti ya Kavira

Nyinyi mliochukua kazi ya kulisoma jukwaa baada yetu, nasikia mnalalamika kwamba ujumbe ni mwingi. Mnaamka, mnafungua simu, na kabla hamjamaliza mada ya kwanza, nyingine zimeshajazana juu yake. Poleni sana. Mimi nimefanya kazi hiyo mpaka macho yakaanza kuniuma na binti yangu Zaina akaninyang'anya simu. Nitawaambia ninayoyajua, na bure. Lakini niseme mapema: siwezi kuieleza kazi hiyo bila kumtaja Kavira, na siwezi kumtaja Kavira bila wivu. Watu wananiambia nimeshakuwa bibi, niuache. Nimejaribu. Hautoki.

Kwa wale ambao hawajui tulichokuwa tunafanya: jukwaa letu, ambalo kila mtu aliliita Barazani, lilikuwa la wafanyabiashara na wenye magari wa Butembo na Beni. Mtu wa Vulamba, kule Butembo, anauliza bei ya maharage, mtu wa Beu, huku Beni, anamjibu, wa tatu anaingia kusema kwamba huyo wa pili hakuja kwenye harusi ya mdogo wake, na hapo maharage yamesahaulika. Watu maelfu, wote wanasema kwa pamoja. Kazi yetu ilikuwa kuyasoma yote, kisha kila asubuhi kutoa muhtasari: barabara, soko, misiba, vilivyopotea. Watu waliuita rezime. Mimi nilikuwa Beni, Kavira alikuwa Butembo.

Sasa shikeni hili. Msianze kusoma juu. Juu ni kelele. Anzeni kwa mtu anayeuliza swali lile lile mara ya pili, kwa sababu huyo hajajibiwa, na mara nyingi penye swali lisilojibiwa ndipo penye habari. Mwenye kuandika URGENT kwa herufi kubwa, mwacheni anywe chai kwanza. Mwenye kuandika "banasema", muulizeni ni nani anasema. Akijibu "batu bote", piteni. Na picha ya lori lililolala kwenye matope, msiiamini mpaka muone namba yake. Kuna lori moja la bluu ambalo lilikuwa linaanguka kila msimu wa mvua, mwaka huu upande wa Beni, mwaka ujao upande wa Butembo. Nilimfahamu mwenye lori hilo. Alikuwa ameliuza zamani na sasa anafuga sungura.

Halafu majina. Mnajua kwetu mtoto anapewa jina kwa zamu ya kuzaliwa, kwa hiyo jukwaani Kambale ni wengi kuliko viazi, na Kasereka hawahesabiki. Mwanzoni sikujali. Nikaandika kwamba Kambale wa Bulengera ametutoka, mazishi ni kesho. Nusu ya akina Kambale wa Bulengera walipigiwa simu za pole siku hiyo. Mmoja aliniandikia chini ya muhtasari: "Mama Zaina, aksanti kwa kunikumbuka, mais mimi niko nakula." Hiyo mais, lakini ya Kifaransa, ilinichoma. Tangu hapo kila mmoja nilimpa mkia. Kasereka wa mbao. Kasereka wa mapengo. Kakule mwenye bibi wawili, yaani wake wawili, ambaye alikasirika, kisha akazoea. Wapeni watu mikia, itawasaidia kuliko kompyuta yoyote.

Hiyo tabia ya kuandika neno la mtu kama lilivyo, nilifundishwa na Papa Mbusa, mzee niliyemfanyia kazi nilipokuwa msichana. Alikuwa na phonie pale sokoni Beni, ile redio ambayo watu walikuja kusemea na ndugu zao wa mbali kabla ya simu kufika. Mimi niliandika ujumbe kwenye karatasi na kuupeleka nyumba kwa nyumba. Siku moja mama mmoja alimtumia mumewe maneno: "Kama hautakuja, usikuje tena." Mimi nikaona ni makali, nikayalainisha. Mume hakuja. Papa Mbusa aliniita, akaniambia, "Binti, maneno ya mutu hapana pika. Iko mbichi, peleka mbichi." Nikayashika hayo maisha yangu yote. Niliandika mabichi.

Na niliandika vizuri. Ngoja nijisifu kidogo, maana hakuna mwingine atakayenisifu. Muhtasari wangu haukuwa orodha ya bei tu. Nilipoona vitunguu vimepanda, sikuandika "vitunguu vimepanda". Niliandika: "Vitunguu leo vinamliza mnunuzi kabla hajavikata." Nilikaa jikoni nikiipima sentensi kama hiyo mpaka sufuria ikaungua. Watu walisoma, wakacheka, wakaweka vidole gumba. Nilikuwa mtu wa furaha.

Kisha Kavira akavunja kioo cha simu yake.

Ndiyo ilivyoanza, kwa kioo. Kazi yake ilikuwa kunitumia habari za Butembo, mimi nazipanga na kuandika. Wiki ile herufi zikawa hazionekani vizuri upande mmoja, akashindwa kuandika, akaanza kutuma odio, sauti yake iliyorekodiwa. Siku moja akauchukua muhtasari wangu wote, akausoma kwa sauti, akauweka jukwaani ili kuwasaidia madereva, ambao hawawezi kusoma huku wameshika usukani. Kavira alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao. Mnaweza kukisia. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya polepole, na kabla ya kusema jambo la kuchekesha alikuwa anavuta pumzi kidogo, ukajua kitu kizuri kinakuja.

Kufika mchana, odio ilikuwa imezunguka mpaka Lubero. Watu wakaomba ya kesho. Kioo kikatengenezwa, odio zikaendelea. Wakampa jina: Mama Sauti. Mimi, ambaye nilikuwa nimewapa akina Kasereka wote majina, hakuna aliyenipa hata moja.

Sasa njooni nyumbani kwangu. Mume wangu Ramazani alikuwa dereva wa lori, na njia yake ilikuwa hiyo hiyo ya Butembo na Beni. Jioni moja amekaa mezani, ugali mbele yake, anacheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini.

"Ule Kavira!" akasema. "Ule mama ataniua. Unajua leo amesema nini? Ati vitunguu inaliza mutu mbele hajaikata!"

Nikaweka kijiko chini. "Ramazani, hayo niliandika mimi."

"Ninajua, ninajua. Mais vile anaisema!"

Vile anaisema. Nililala na neno hilo, nikaamka nalo. Mwanaume ambaye nilikuwa nampikia tangu ujana wake alikuwa anasafiri kila siku na sauti ya mwanamke mwingine ndani ya gari, na mwanamke huyo alikuwa anamwambia maneno yangu. Sikuwa na wasiwasi wa ile habari nyingine mnayoifikiria. Ingekuwa hiyo, ningejua la kufanya. Huu ulikuwa wivu usio na jina, na sikuwa na wa kumshitakia.

Na ubaya wa Kavira ni kwamba hakunipa hata kosa moja la kushika. Hakuwahi kusema maneno ni yake. Kila siku, mwisho wa odio, alisema kwa sauti ile ile ya kupendeza: "Rezime hii imeandikwa na Mama Zaina wa Beni." Lakini hiyo ilikuja baada ya vilivyopotea, na vilivyopotea siku zote ni mbuzi, na hakuna dereva anayesikiliza mpaka mwisho wa mbuzi.

Basi nikaanza kumwekea mitego. Nilikuwa naandika sentensi ndefu ndefu, nikipanga akina Kakule watatu na akina Kahambu wawili kwenye mstari mmoja, na katikati nikiweka bei ya mawese, ili ulimi wake ujikwae hadharani. Ulijikwaa. Akaanza upya, akajikwaa tena, kisha akacheka katikati ya odio, kicheko cha kweli cha mtu aliyeshindwa. Watu walikipenda hicho kicheko kuliko muhtasari wenyewe. Wengine walikikata wakakiweka kiwe mlio wa simu. Yeye akaniandikia: "Yaya, leo uliniua na ba Kakule!" na nyuso za kucheka mstari mzima. Aliniita yaya, dada mkubwa, tangu siku ya kwanza. Hata hilo liliniudhi, maana lilikuwa kweli.

Nije kwenye siku ya daraja.

Mvua ilikuwa imenyesha, na lori moja, si lile la bluu, lilikuwa limelala katikati ya barabara kubwa. Magari yakaanza kuzungukia njia ndogo ya mashamba, ambako kuna mto na daraja la miti. Ramazani alikuwa amepakia viazi Butembo, anarudi Beni. Nilijua atapita huko. Kwa hiyo asubuhi ile sikusoma jukwaa kama kazi, nililisoma kama mke. Niliruka bei zote, nikaenda moja kwa moja kwenye mada ya barabara.

Mtu alikuwa ameuliza: "Ku daraja ya miti kuko shida?" Akauliza tena. Na huyo wa kujibu alikuwa Kasereka wa mbao, ambaye anapasua mbao upande ule na hana tabia ya porojo. Alijibu maneno mawili tu, bila nukta wala herufi kubwa: "hapana pita".

Swali lilikuwa limejibiwa. Nikaandika: "Daraja la miti: Kasereka wa mbao anasema hapana pita." Mbichi, kama alivyofundisha Papa Mbusa. Nikaurusha jukwaani, na Kavira akauchukua ili ausome.

Mara simu ikalia. Kavira hakuwa na kawaida ya kunipigia.

"Yaya, samahani. Hapa pa Kasereka. Ni 'hapana pita', ao ni 'hapana', halafu 'pita'?"

"Soma vile iko," nikamwambia.

"Mais yaya, mimi siko naandika. Mudomo lazima ichague."

Nilikasirika. Nawaambia ukweli, nilikasirika kwa sababu alikuwa amegusa mstari wangu. Kwangu mimi ulikuwa wazi kabisa: usipite. Nilikuwa kama namsikia Kasereka mwenyewe akiusema. Nikamwambia hivyo. Yeye akasema, "Wacha nimupigie." Akakata.

Hapo nikashikwa na kitu kingine tena. Mimi ninajua mke wa Kasereka wa mbao ni nani, ninajua mbao zake anazipasua wapi, nimempa jina lake mwenyewe, na sina namba yake. Kavira anayo. Madereva, wapasua mbao, wauza chai wa njiani, wote walimpa namba zao, kwa sababu ya sauti. Nilikaa nimeshika simu, daraja nimelisahau, nina wivu wa namba za watu.

Haikuchukua muda odio ikatoka. Alisoma barabara kubwa, akasoma daraja, na kwa mara ya kwanza aliongeza maneno ambayo mimi sikuyaandika. Alisema: "Hapana pita. Nimemupigia Kasereka mwenyewe. Maji imebeba miti ya katikati. Mutu asipite. Asipite." Hakuvuta pumzi ya kuchekesha. Alisema kama mtu anayefunga mlango.

Huko njiani, niliyajua baadaye, madereva walikuwa wamesimama kwenye njia panda wakinywa chai, na mmoja aliwasomea wenzake muhtasari wangu wa maandishi. Akausoma hivi: "Anasema hapana. Pita!" Kuna shida? Hapana, pita. Nyinyi mnaosema Kiswahili cha huku mnaona jinsi inavyowezekana. Wakarudisha vikombe, wakapanda magari, na aliyetangulia alikuwa Ramazani.

Alikuwa ameshaanza kuteremka kuelekea mtoni odio ilipoingia.

Alifika nyumbani jioni, viatu vyote matope, akakaa mlangoni bila kuvivua. "Mama Zaina," akasema, "nilikuwa naenda. Nilikuwa naenda kabisa. Halafu nikasikia sauti yake inasema asipite, nikakanyaga frein, gari ikasimama. Nilishuka na miguu kuenda kuona. Pale katikati hapana kitu. Maji tu."

Nilimshika kichwa nikalia, nikamshukuru Mungu kwa kila neno ninalolijua. Na kabla machozi hayajakauka, ule wivu ulikuwa umeshafika, umekaa kati yetu: mume wangu ameokolewa na mwanamke mwingine, kwa mstari wangu.

Kwa hiyo, wanangu, kabla ya kutuma, someni kwa sauti. Someni na jirani asikie. Wekeni mkato, wekeni nukta, na mkiona neno hapana limekaa karibu na kitendo, simameni. Kanuni ya Papa Mbusa ni nzuri, lakini kwenye phonie tulikuwa tumeisikia sauti ya mwenyewe.

Wenye magari walikutana Butembo, kwenye ukumbi mmoja wa Bulengera, ili kumshukuru Kavira. Ramazani alitakiwa aseme, na mimi nilivaa nikaenda naye. Kavira nilikuwa sijawahi kumwona uso kwa uso. Ni mfupi. Kwa sauti ile nilikuwa nimetegemea mtu mrefu, na nakiri lilinifariji mpaka tulipokaa, tukalingana.

Walimpa vikwembe vizuri, vitenge vya kushona. Ramazani akasimama, akasema, "Mimi nilisikia Kavira, nikasimama. Njo maana niko hapa," akakaa, kwa sababu yeye si mtu wa maneno. Watu wakapiga makofi. Kisha Kavira akapewa maikro. Akavuta pumzi ile yake, nikajua kitu kizuri kinakuja, na sikujua ni changu.

"Mimi niko mudomo tu," akasema. "Muko munanisifu bure. Kila siku kuko mutu mwenye anasoma maneno yenu yote, ya muzuri na ya matusi, anachagua, anaandika. Vitunguu ya kuliza batu, ni yake. Majina yenu yote munaitwa nayo, ni yake. Bila yeye, mimi ningesoma nini? Yaya, simama bakuone. Wasingya, aksanti, yaya."

Nikasimama. Ukumbi wote ukasimama. Makofi yale nilikuwa nimeyangoja miaka yote, na yalipofika yalikuwa makubwa kuliko nilivyofikiri. Nilifurahi. Niandikieni hilo, nilifurahi kweli kweli.

Nilipokaa, mama aliyekuwa kando yangu alikuwa anafuta macho kwa kikwembe. Akanigeukia.

"Ee Mungu wangu, ule Kavira!" akasema. "Umesikia vile amejishusha? Mutu wa roho muzuri vile, utamupata wapi?"

Nyuma yangu wanaume walikuwa wanasema hayo hayo. Mpaka tunatoka mlangoni, hakuna aliyesema juu ya vitunguu.

Ndani ya gari tukirudi Beni, Ramazani alifungua dirisha lake. Kisha akasema, "Umesikia vile amekusifu?"

"Nimesikia."

"Amesema muzuri. Mutu ingine hangeweza kusema vile."

"Na wewe je?" nikamuuliza.

Akafikiri, kona nzima. "Mimi niseme nini tena? Yeye amesema yote."

Asubuhi yake nikafungua jukwaa kama kawaida. Juu, chini, kila mahali, mada ilikuwa moja: unyenyekevu wa Kavira. Odio ya hotuba yake ilikuwa imezunguka, watu wanaandika kwamba wamelia. Sasa kanuni nyingine ya kazi, hii sijawaambia: lile watu wanalolisema zaidi linakwenda mwanzo wa muhtasari, hata kama linakuchoma. Nikaketi jikoni, nikaipima sentensi. Nikaandika: "Jana, Bulengera, Kavira alimsifu mwandishi wa muhtasari huu, na ukumbi mzima ukamsifu Kavira." Nikaweka mkato wangu, nikaweka nukta, nikatuma.

Kavira akajibu mara moja. "Yaya, hii sitaweza. Naona haya."

Nikamwandikia: "Soma."

Akasoma. Alipofika kwenye mkato akavuta pumzi, na sauti ikamtetemeka kidogo, pale pale ilipotakiwa kutetemeka. Ramazani alikuwa anakunywa chai mbele yangu. Akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya simu.